Taa nyekundu haihesabu waliokwenda



Mwezi uliopita kamati yetu ilipokea ombi. Chuo kimoja cha hapa mjini kinataka kuweka programu ya kompyuta itakayofuata kila mwanafunzi: anafungua silabusi mara ngapi, anapata pointi ngapi kwenye interro, alimaliza sekondari na asilimia ngapi. Halafu programu inampa rangi. Kijani, unaendelea muzuri. Njano, jiangalie. Nyekundu, uko mbioni kuanguka. Wanaomba shirika letu liunge mkono na lisaidie kutafuta pesa kwa wakubwa waliotangulia kupata kazi. Kama ushahidi walituma makala moja ya kisayansi, na kamati ikaniambia: wewe wa agro, unapenda hesabu, soma utuelezee.

Nimesoma mara tatu. Naandika hapa mbele ya mkutano ili kila mtu akuje akiwa na mawazo yake. Kwa kifupi: makala ina kitu kizuri, lakini ile jedwali wanayoipenda zaidi haionyeshi wanachosema inaonyesha. Na kuna swali ambalo makala haikuuliza, na kwetu sisi njo swali lenyewe.

Tuanze na makala. Iliandikwa na Kimberly Arnold na Matthew Pistilli wa Chuo Kikuu cha Purdue, kule Indiana, Marekani, na waliileta kwenye mkutano wa wataalamu wa uchambuzi wa data za masomo uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2012. Kwa watu wa agro, Purdue haiko jina geni. Ni chuo cha Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa mtama unaovumilia Striga na ukame. Kwa hiyo nilifungua makala na heshima.

Programu yao iliitwa Course Signals, walianza kuijaribu mwaka 2007. Inachukua vitu vinne: pointi ulizokwisha kupata kwenye kozi, bidii yako, yaani unaingia mara ngapi kwenye jukwaa la masomo la intaneti ukilinganishwa na wenzako, historia yako ya sekondari, na mambo yako mengine kama umri na idadi ya kozi ulizochukua. Algoriti inachanganya vyote hivyo na kutoa taa: nyekundu, njano ao kijani. Mwalimu anaiangalia, halafu anamwandikia mwanafunzi, anamwita ofisini, ao anamtuma kwa mwenye kumsaidia. Jambo la maana ni wakati: taa inaweza kuwaka majuma machache tu baada ya kozi kuanza, si kwenye proklamasio ambapo kila kitu kimekwisha haribika.

Hapo nawapa haki yao. Wengi wetu tulijua hali yetu siku ile matokeo yalibandikwa kwenye valve, tukisukumana tutafute majina. Mtu anaweza kusoma kozi nzima ya kemia bila kurudishiwa hata interro moja. Kumwambia mapema mwenye kuanguka, hiyo ni adabu ya kawaida ya mwalimu, kompyuta iwe ao isiwe. Arnold na Pistilli wanaeleza pia kwamba wanafunzi waliopokea zile barua waliziona kama mwalimu mwenyewe amewaandikia, wakajisikia si namba tu. Barua zenyewe ziliandikwa kama kigezo na kutumwa kwa wengi, lakini zilimgusa mtu. Hiyo inatuambia ni kiasi gani mwanafunzi ana njaa ya kuulizwa habari yake.

Tena sehemu ya kwanza ya ushahidi wao iko sawa. Wanalinganisha kozi ileile kabla ya Signals na baada ya Signals, na alama za chini zinapungua. Unaweza kuuliza kama mwalimu hakubadilisha kitu kingine, lakini ulinganisho unaeleweka.

Shida inaanza kwenye jedwali la kubaki chuoni. Wanachukua walioingia 2007, 2008 na 2009, wanawagawa kwa mafungu: wasiosoma kozi yoyote yenye Signals, waliosoma angalau moja, na waliosoma mbili ao zaidi. Halafu wanahesabu nani bado yuko chuoni. Wenye kozi mbili wanabaki kwa wingi kupita wenye sifuri. Mwaka 2013 chuo kilitangaza kwamba wale wa kozi mbili ao zaidi wanamaliza kwa kiwango kinachopita wenzao kwa asilimia 21 hivi. Namba hiyo ilizunguka dunia. Iko pia kwenye ombi tulilopokea, kwa herufi nene.

Niruhusuni niwapeleke shambani kidogo, juu kosa hili mimi mwenyewe nililifanya.

Kwa memwari yangu nilipanda maharagi ya kupanda miti kule Kabare. Kila juma nilimwagia mbolea ya maji, na kwa kila mmea niliandika nimeumwagia mara ngapi. Mwisho wa msimu nikaona ajabu: mimea iliyomwagiwa mara nane ilikuwa na maganda mengi sana, ile ya mara mbili ao tatu haikuwa na kitu. Nikachora grafiki nzuri, mstari unapanda kama njia ya mlimani. Nikaenda kwa CT wangu nikijua nimeshinda. Akaangalia, akanyamaza, halafu akauliza: «Ile ya mara mbili, juu ya nini uliacha kumwagia?» Nikamujibu: «Ilikufa, CT. Ugonjwa wa kuoza mizizi.» Akarudisha karatasi: «Basi hukupima mbolea. Ulipima kifo.»

Mmea uliokufa juma la tatu hauwezi kupata maji ya juma la nane. Haukufa juu ulimwagiwa mara chache. Ulimwagiwa mara chache juu ulikufa. Mshale ulikuwa umegeuka, na mimi nilikuwa naufuata kinyumenyume.

Sasa rudini kwenye jedwali la Purdue. Mwanafunzi aliyeacha masomo baada ya semesta ya kwanza, angesoma kozi mbili za Signals saa ngapi? Kadiri unavyobaki chuoni, njo unavyokutana na kozi nyingi, zikiwemo zenye Signals. Kwa hiyo fungu la «mbili ao zaidi» limejaa watu waliobaki, hata kama taa hazikufanya kazi yoyote. Mwaka 2013 Michael Caulfield alileta shaka hii hadharani, na Alfred Essa akaifanyia majaribio kwenye kompyuta: badala ya Signals, aliwapa wanafunzi wa kubuni chokoleti. Chokoleti isiyo na nguvu yoyote juu ya masomo. Na bado waliokula chokoleti nyingi walionekana kubaki chuoni zaidi! Hakuna haja ya kusema Arnold na Pistilli walidanganya. Mimi sikudanganya na maharagi yangu. Nilisahau tu kuuliza wafu.

Swali la kweli lingekuwa hili: chukua wote walioingia siku ya kwanza, gawa kwa kura, nusu wapate taa tangu semesta ya kwanza, nusu wasipate, halafu hesabu wote, hata waliorudi kwao. Kwa agro hiyo inaitwa parseli ya shahidi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba bila shahidi hakuna jaribio. Makala iliyotumwa kwetu haina shahidi kwa jedwali lile. Kutoa pesa za wakubwa wetu kwa sababu ya asilimia 21 ni kununua mbolea kwa sababu ya grafiki yangu ya kwanza.

Niguse kitu cha pili: bidii. Programu inapima bidii kwa kuhesabu unaingia mara ngapi kwenye jukwaa la intaneti. Purdue kila mtu yuko na kompyuta na umeme. Kwetu inakuwa namna gani? Mnajua. Sefu wa promosio ananunua mega, anapakua silabusi mara moja, anaituma kwenye WhatsApp. Wasio na simu nzuri wanakwenda kwa fotokopi, watatu wanachangia nakala moja na kuisoma kwa zamu, siku zingine na tochi juu ya delestaji. Kwenye macho ya programu, mtu mmoja alisoma na themanini ni wavivu. Sefu wetu angepata kijani cha milele, na yule dada aliyekuwa anaandika silabusi yote kwa mkono kwenye daftari, halafu akatoka na distinksio, angewaka nyekundu mwaka mzima. Chombo hakina ubaya huko kilikotengenezwa. Lakini mizani ya kupimia dhahabu huwezi kuipimia muhogo.

Sasa nifike kwenye lile swali ambalo makala haikuuliza.

Mwaka wa kwanza nilikaa benchi moja na kijana wa Walungu. Kwa biolojia alinipita mbali. Juma la tano akaanza kukosa. Juma la saba akaniambia: «Mi narudi kwanza kutafuta feza, munichungie silabusi.» Alikuwa hajalipa sehemu ya pili ya minervali, na bila hiyo hakuna anrolema ya kuingia kwenye sesio. Hakurudi. Kiti chake kilikaa wazi siku chache, halafu mtu mwingine akakikalia. Hakuna asistanti aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza vya kutosha.

Ile programu ingemwonyesha nyekundu. Ndiyo, tena mapema. Lakini ingemwambia nini? «Ongeza bidii, hudhuria mafunzo»? Alijua kwamba hahudhurii. Taa ingewaka juu ya mtu ambaye shida yake haiko kichwani, iko mfukoni. Taa nyekundu ni dalili tu. Jani la mhogo likigeuka njano inaweza kuwa mozaiki, inaweza kuwa udongo umechoka, inaweza kuwa jua. Mkulima hatibu rangi ya jani.

Kuna chuo kingine Marekani kilichoelewa hilo: Georgia State, Atlanta. Mwaka 2003 ni asilimia 32 tu ya wanafunzi wake waliomaliza ndani ya miaka sita. Baadaye walipita nusu. Watu wakisimulia hadithi hiyo wanapenda kuanza na kompyuta, na kweli mwaka 2012 waliweka mfumo unaofuata dalili zaidi ya 800 za hatari. Lakini angalieni kilichokwenda pamoja nayo. Waliajiri washauri wapya 42, watu wenye miguu na masikio, ili dalili ikitokea kuwe na mtu wa kumwita mwanafunzi. Tena tangu 2011 walianza kutoa misaada midogo ya pesa, wastani wa dola karibu 900, kwa wanafunzi wenye kuendelea vizuri ambao walikuwa wanafutwa kwenye orodha juu ya deni dogo. Rafiki yangu wa Walungu alihitaji chini ya hiyo.

Na je, hao walikuwa na shahidi? Kwa hadithi ya kwanza, hapana. Mambo mengi yalibadilika pamoja. Lakini baadaye lilifanyika jaribio la kweli, kwa kura, lenye jina la MAAPS: vyuo vikuu 11 vya Marekani, tangu 2016, wanafunzi karibu 10,000 wa familia zenye kipato kidogo ao wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Nusu walipata washauri wa karibu wanaotumia data, nusu waliendelea kama kawaida. Ukijumlisha vyuo vyote 11, tofauti iliyoonekana haikutosha kusema kitu. Georgia State yenyewe matokeo yalikuwa mazuri. Hapo mimi nasoma hivi: data ileile, washauri kwenye karatasi vilevile, lakini chuo kilichokuwa kimekwisha jenga mikono ya kusaidia njo kilichovuna. Mbegu moja, mashamba kumi na moja, mavuno tofauti. Udongo unahesabika.

Kitu cha mwisho kinanitia woga, na ningependa mukifikirie kabla ya kupiga kura. Orodha ya walio hatarini ikiwa tayari, iko mikononi mwa nani?

Mwaka 2015, Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland, wanafunzi wapya walipewa maswali ya kujaza, wakiambiwa ni ya kuwasaidia wajifahamu. Januari 2016 gazeti la wanafunzi wa chuo hicho lilifichua kwamba rais wa chuo, Simon Newman, alitaka majibu yale yasaidie kupata wanafunzi 20 mpaka 25 waondoke katika majuma ya kwanza, kabla ya tarehe ambayo chuo kinatoa hesabu rasmi. Wakiondoka mapema hawahesabiwi, na asilimia ya kubaki chuoni inapanda. Kelele zilikuwa kubwa, na mwisho wa Februari alijiuzulu. Oneni ufundi wake: kungʼoa mimea dhaifu usiku, asubuhi unahesabu na kusema shamba langu halina mmea unaokufa. Kosa nililolifanya kwa ujinga, mtu anaweza kulifanya kwa makusudi. Na kwetu, ambako mwanafunzi asiye na mtu anaweza kuzuiwa mlangoni na karatasi moja, sioni kwa nini tujiamini kwamba nyekundu haitageuka sababu ya kumnyima mtu anrolema.

Open University ya Uingereza ilitoa mwaka 2014 kanuni zake za kutumia data za wanafunzi, na moja inasema kwa maana hii: mwanafunzi asichukuliwe kuwa yeye ni ile data inayoonekana tu. Nchi yetu nayo ina Kodi ya Numeriki ya Machi 2023, inayogusa data za mtu binafsi. Kwa hiyo kuuliza «nani anaona rangi yangu?» haiko ukaidi.

Basi nipendekeze nini? Siombi tukatae. Naomba tuunge mkono kwa masharti matatu.

La kwanza: nusu ya pesa isiende kwenye programu. Iende kwenye kasa ndogo ya kulipia minervali ya walio karibu kufutwa, na kumlipa mtu mmoja wa kupiga simu. Taa isiyo na mtu nyuma yake ni mapambo.

La pili: mwaka wa kwanza kuwe na shahidi. Promosio zigawanywe kwa kura, na wahesabiwe wote waliojiandikisha siku ya kwanza, hasa waliokwenda. Ndugu mmoja wa kamati aliniuliza: haiko zambi kuwaacha nusu bila msaada? Nilifikiri sana. Jibu langu: pesa haitatosha wote, kura ama hapana. Bila kura, atakayesaidiwa ni yule anayejulikana na asistanti. Kura haina shemeji.

La tatu: idadi ya kubofya itolewe kwenye hesabu ya bidii, mwanafunzi aone rangi yake wa kwanza na awe na haki ya kuieleza, na iandikwe wazi kwamba rangi haimzuii mtu kuingia kwenye sesio.

Chuo kikikubali hayo, nitachangia mimi wa kwanza, ingawa munajua mshahara wa agronomu kwenye mradi wa miezi sita. Kikikataa, tutajua programu ilikuwa ya nani.

Na wakati tunangoja, kuna kitu hakihitaji kompyuta wala saini ya dekano. Masefu wa promosio wanajua ni nani hayuko. Wakitupatia majina ya waliokosa majuma mawili, sisi tuliomaliza tunaweza kugawana simu, kila mtu jina moja ao mawili.

Mimi nilianza juma lililopita na mtu aliyechelewa kuitwa kwa miaka minane. Namba ya rafiki yangu wa Walungu bado inapita. Yuko Kamituga, anafanya kazi na wachimbaji, ana watoto wawili. Tulicheka, tukaongea habari za nyumbani. Mwishoni nikamuuliza kama siku zile alipoondoka kuna mtu wa chuo alimpigia simu.

«Wewe tu,» akasema. «Ulikuwa unaulizia mashini yako ya hesabu.»

Tuonane kwenye mkutano.